KAMERA MBILI NA FEDHA ZA ALIZETI

Safari hii tunaandika juu ya kamera. Msicheke. Tulikuwa Ihanja, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, baada ya watu kuvuna alizeti. Tulikaribishwa katika mkutano wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Wanachama wengi ni akina mama ambao walijifunza kusoma ukubwani. Siku hiyo kulikuwa na ombi moja la mkopo, nalo liliwagawa.

Mwombaji ni kijana mpiga picha wa pale pale kijijini. Hupiga picha za harusi, za ubatizo, za Idd, na za wanafunzi. Kamera yake ni Canon EOS M100. Aliinunua kwa mtu ikiwa imekwisha tumika. Sasa anataka Canon EOS R6 Mark II, nayo imekwisha tumika, na muuzaji anataka shilingi milioni 5. Kijana aliomba kikundi kimkopeshe zote.

"Mjukuu wangu," akauliza bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, "hiyo uliyo nayo si inatoa picha? Ubaya wake nini?"

"Bibi, ile ni ya zamani. Hii ni ya kisasa."

"Kisasa ndiyo nini? Tueleze basi. Hizo ni alizeti zetu."

Kijana alijitahidi, lakini maneno yake mengi yalikuwa yale ya kwenye matangazo. Basi wakatugeukia sisi wageni. Tuliyoyasema siku ile ndiyo haya, na mengine tumeyaongeza baada ya kwenda kusoma zaidi.

NI ZA AINA MOJA

Kwanza jambo moja. Kamera hizi mbili ni za aina moja. Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo kidogo ndani, nyuma ya lenzi. Kioo hicho kilirusha sura juu mpaka kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, "kwach!", na mwanga unapita. Kamera hizi hazina kioo hicho. Mwanga unaingia moja kwa moja mpaka kwenye bamba linalopokea mwanga, na wewe unaona sura kwenye skrini. Kamera za namna hii za kubadilisha lenzi zilianza kuuzwa mwaka 2008, na kampuni ya kwanza ilikuwa Panasonic ya Japani. Canon nao wakatoa ya kwao mwaka 2012.

M100 ilitoka mwaka 2017. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanza. Ilipotoka, bei yake huko Marekani ilikuwa dola 599 pamoja na lenzi yake. R6 Mark II ilitoka mwishoni mwa mwaka 2022, kwa watu wanaokula kwa kazi ya picha. Bei yake ilikuwa dola 2,499, bila lenzi. Kwa fedha yetu hiyo ni kama shilingi milioni 6. Kwa hiyo kweli muuzaji amepunguza bei. Lakini bei kupungua ni jambo moja, na kitu kukufaa ni jambo lingine.

NUKTA MILIONI 24

Kijana alikuwa amesema kwamba kamera mpya ina "picha kali zaidi". Hapo tukamzuia kidogo. Picha ya kamera hizi imeundwa kwa nukta ndogo ndogo, kama punje za uwele zilizopangwa juu ya ungo. M100 ina nukta milioni 24. R6 Mark II ina nukta ngapi? Milioni 24 vile vile!

Na picha ile ya kawaida ya kuweka kwenye albamu, ya sentimita 10 kwa 15, inahitaji nukta kama milioni 2 tu ili itoke safi. Kwa hiyo kamera ya zamani ina nukta mara kumi na zaidi ya zile anazohitaji mteja wa Ihanja. Hapo akina mama walitazamana.

Lakini tusiseme uongo, tofauti ipo. Bamba la M100 lina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 15 hivi. Bamba la R6 Mark II lina milimita 36 kwa 24. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu. Sasa fikirini mvua. Mwenzako amepanga vikombe uani, na wewe umepanga sufuria, idadi ile ile. Mvua ikiwa kubwa, wote mtapata maji. Ikiwa ni manyunyu tu, vikombe vinapata matone, sufuria zinapata maji ya kupikia chai. Mwanga ndiyo hiyo mvua. Mchana wa jua kali la Singida, kamera zote mbili zinapata mwanga wa kutosha, na ukiwekewa picha mbili mezani utapata shida kusema hii ni ya ipi. Usiku, ndani ya nyumba yenye taa moja, picha ya M100 inaanza kuwa na chenga chenga kama mchanga. Ile ya R6 Mark II inabaki laini.

Jambo la pili ni kulenga. R6 Mark II inatafuta jicho la mtu yenyewe na kulifuata hata akitembea. M100 inatambua uso, lakini ni nzito kidogo watu wakienda mbio. Tena R6 Mark II ina mtambo ndani unaotuliza bamba mkono ukitetemeka. Mtambo huo unasaidia mkono wa mpiga picha tu. Haumtulizi bwana harusi anayecheza ngoma. Tumeona watu wamenunua wakidhani utafanya hivyo.

La tatu, nalo kwetu ndilo kubwa, ni kadi. M100 ina nafasi ya kadi moja ya kutunzia picha. R6 Mark II ina nafasi mbili, na kila picha inaweza kuandikwa kote kote. Kadi moja ikiharibika, nyingine ipo. Harusi hairudiwi, jamani. Mwenzetu mmoja katika kazi hii aliwahi kupoteza harusi nzima kwa kadi moja mbovu, na mpaka leo akipita njia ile anapita haraka.

USO WA BI HARUSI

Sasa tuje kwenye malalamiko yenyewe. Mama mmoja alisema, "Huyu kijana ni mwema, lakini picha za harusi ya binti yangu uso ulitoka mweusi tii kama sufuria. Shela linaonekana, mtoto haonekani." Kijana akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu anataka kamera mpya.

Hapana. Hapo alikosea, na ni kosa la wengi. Kamera haijui kwamba inatazama bi harusi. Inapima mwanga wote iliouona, halafu inajaribu kuufanya uwe wa wastani, si mweupe sana wala si mweusi sana. Bi harusi amevaa shela jeupe, amesimama mbele ya ukuta mweupe, saa saba mchana. Kamera inasema, "Mwanga umezidi," inapunguza. Shela linakuwa la wastani, na uso wa mtu mweusi unaingia gizani. Kamera ya milioni 5 inaweza kufanya hivyo hivyo.

Dawa yake ni bure. Kila moja ya kamera hizi ina alama ya kujumlisha na kutoa. Ukisogeza mpaka kujumlisha 1, unaiambia kamera iingize mwanga mara mbili ya ule iliokadiria. Piga, tazama. Uso ukionekana, basi. Usizidishe, kwa sababu shela litapoteza mikunjo yake na kuwa kama karatasi. Na kama inawezekana, mwondoe bi harusi juani. Mpeleke kwenye kivuli cha nyumba, ageukie upande wa anga. Kijana alichukua kamera yake pale pale, akampiga picha mama aliyevaa kitambaa cheupe, mara moja bila kujumlisha, mara moja kwa kujumlisha. Tukaipitisha kamera mkono kwa mkono. Yule mama aliyelalamika aliitazama muda mrefu kuliko wengine.

JE, LENZI IPO?

Mweka hazina ndiye aliyeuliza swali ambalo hatukulitegemea. "Hiyo milioni 5, lenzi imo?"

Kijana akanyamaza. Haimo.

"Si utatumia ile uliyo nayo?"

Ndugu wasomaji, hapa pana mtego. Lenzi ya M100 haiingii kwenye R6 Mark II, ijapokuwa zote zimeandikwa Canon. Mdomo wake ni tofauti. Wala hakuna kiungo cha kuziunganisha zifanye kazi. Betri nazo ni tofauti. Tena M100 ina flashi ndogo ndani yake, R6 Mark II haina, sharti ununue ya kupachika juu. Kwa hiyo juu ya milioni 5 kuna lenzi, betri ya pili, flashi, na kadi mbili.

Kwa upande mwingine, ukoo wa M100 umefika mwisho. Canon waliacha kutengeneza kamera za M, na ile ya mwisho ilitangazwa kuondolewa mwaka 2023. Lenzi zake bado zinapatikana kwa waliotumia, lakini mpya hazitazaliwa. Na M100 haina sehemu ya kupachika flashi kubwa juu yake. Huyu kijana siku moja atalazimika kuhama, hilo hatukumficha mtu.

Tukafanya hesabu kwenye daftari. Tuseme picha moja anaiuza shilingi 2,000, na kuisafisha pamoja na nauli ya mjini ni shilingi 800. Anabaki na 1,200. Kurudisha milioni 5, bila riba, ni picha 4,167. Kijana akasema kwa mwezi mzuri huuza picha 100. Miezi mizuri Ihanja ni michache, ni ile ya baada ya mavuno, watu wakiwa na fedha za kuoza watoto. Kila mtu akahesabu kimoyomoyo.

Halafu tukauliza, shida yake ya gizani itapungua kwa njia gani nyingine? Lenzi iliyokuja na M100 ina tundu dogo. Ipo lenzi nyingine ya ukoo huo, ya milimita 22, yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga kama mara nne ya ile. Haivuti mbali wala karibu. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, usogee kwa miguu yako. Ukiongeza taa ndogo ya betri ukaiweka ubavuni, na betri ya pili, kwa sababu betri moja ya M100 ikijaa inatoa picha kama 300 tu, basi harusi ya kawaida inakwisha salama.

VUMBI

Wakazi wa Singida wanalijua vumbi la mwezi wa nane. Kamera isiyo na kioo cha ndani, ukitoa lenzi, bamba linabaki wazi kabisa. Badilisha lenzi ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Usifute kwa kanga hata kama ni safi. Tumia mpira wa kupulizia. R6 Mark II ina kinga ya vumbi na matone, tena inaweza kuagizwa ishushe pazia mbele ya bamba kila ukiizima. M100 haina hayo.

Na anayenunua kamera iliyotumika, ya bei yoyote, aijaribu hivi. Zungusha tundu la lenzi mpaka namba 16, piga picha ya anga tupu, halafu ikuze kwenye skrini. Vidoa vinavyobaki mahali pale pale katika kila picha ni uchafu kwenye bamba. Jaribu nafasi zote za kadi. Washa na kuzima mara kadhaa. Dai risiti na namba ya kamera iandikwe, maana kamera za wizi zipo, na polisi wakija hawataitafuta nyumba ya muuzaji.

Mkutano ulikwisha jua likishuka. Kijana alipewa laki 5 kwa lenzi, betri na taa. Ombi la milioni 5 halikutupwa. Litasomwa tena mavuno yajayo, naye aje na daftari lenye idadi ya picha alizouza mwezi kwa mwezi. Hakufurahi sana, tunakiri. Mmoja wa vijana wenzake alisema nje kwamba wazee wanaogopa maendeleo.

Kabla hatujaondoka, bibi alitaka picha. Akasimama mlangoni, ukuta mweupe nyuma yake, akatengeneza mtandio. Kijana akainua kamera.

"Ngoja," bibi akasema. "Umeongeza ile moja?"