Siku Yenye Saa 23

Saa za Bujumbura hazina hila. Mwaka mzima Burundi huwa mbele ya saa ya kimataifa (UTC) kwa saa mbili, mishale haisogezwi, na kila siku ina saa 24 kamili. Kwa anayeandika programu, utulivu huu ndio unaoficha kosa.

Tuseme kijana wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, anatengeneza programu ya kuhesabu umri wa deni. JavaScript hupima muda kwa milisekunde tangu 1 Januari 1970, kwa hiyo anatoa tarehe ya kwanza katika ya pili, anagawa kwa 86,400,000, anakata desimali. Jibu ni sahihi. Anajaribu na siku ya uhuru wa Burundi, 1 Julai 1962, iliyotangulia mwanzo huo kwa siku 2,741: namba inakuwa hasi, lakini hesabu haiharibiki. (Ila akumbuke kwamba lugha hiyo huhesabu miezi kuanzia sifuri: akiandika 7, uhuru utahamia Agosti.)

Kisha shangazi yake aliye Brussels anaifungua programu hiyo hiyo kwenye simu yake. Usiku wa kuamkia 30 Machi 2025 Ubelgiji ilisogeza saa mbele, basi siku hiyo ikawa na saa 23 tu. Gawa kwa 24, kata desimali: sifuri. Deni la kuanzia 1 Machi hadi 1 Aprili linasomeka siku 30 badala ya 31. Oktoba, siku ya saa 25 inapokuja, ukataji ule ule unaficha kosa, na hapo kulitafuta kunachosha kweli.

Dawa yenyewe ni fupi: achana na saa, toa tarehe kwa tarehe. Python ina aina ya `date` kwa kazi hiyo. Kwenye JavaScript, tarehe zote mbili zipitishwe kwenye `Date.UTC` kwanza.

Kigumu ni swali la mteja. Kuanzia tarehe 1 hadi 3 kompyuta inasema siku mbili. Mwenye nyumba ya wageni atakubali, maana anauza usiku. Karani wa likizo atakataa. Kwake ni siku tatu. Na Mwislamu wa Buyenzi anayepanga akika, sadaka ya mtoto mchanga, ya siku ya saba ana jambo jingine: siku yake huanza magharibi, hivyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku ni wa Ijumaa. Programu yake haiwezi kuridhika na tarehe ya cheti. Lazima iulize na saa ya kuzaliwa.