Sauti ya chini: gitaa la besi, karindula na uundaji wa ala za muziki katika Katanga

0. Utangulizi

Msikilizaji wa kawaida akiulizwa ni nani anayeongoza orkestra, atamtaja mwimbaji au mpiga gitaa la solo. Ni wachache watakaomtaja mpiga besi. Hata hivyo, besi ikinyamaza katikati ya wimbo, wachezaji hupoteza mguu mara moja, ijapokuwa hawawezi kueleza ni kitu gani kilichowaponyoka. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo isiyoonekana. Tutaangalia kwanza besi ilitoka wapi katika muziki wetu, kisha kazi ya mpiga besi katika orkestra ya ridhaa, yaani ya watu wanaopiga kwa mapenzi na si kwa mshahara. Baadaye tutaeleza kanuni zinazomwongoza fundi anayeunda ala ya sauti ya chini kwa mikono yake. Mwishoni tutasema machache juu ya istilahi, kwa kuwa fundi asiye na maneno hawezi kumfundisha asiyeketi karibu naye.

1. Besi kabla ya gitaa la besi

Uzi uliobanwa juu ya shingo ya mti haukuletwa na gitaa. Zeze, inayojulikana mashariki mwa Kongo na katika Afrika ya Mashariki, ina fimbo bapa yenye vinundu ambavyo kidole hubanizia uzi, pamoja na kibuyu cha kukuza sauti. Aliyezoea zeze alikuwa tayari anajua siri kuu ya gitaa: uzi mfupi hutoa sauti ya juu, uzi mrefu hutoa sauti ya chini.

Katika Katanga, gitaa kavu lilipata mabingwa wake baada ya Vita Kuu ya Pili. Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990, alirekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Wengine, kama Édouard Masengo na Losta Abelo, walijulikana katika fani hiyo hiyo. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mpigaji wa namna hii ni orkestra ya mtu mmoja. Kidole gumba hupiga nyuzi nene na kushika mwendo, huku kidole cha shahada kikichora wimbo juu ya nyuzi nyembamba. Kwa hiyo besi ilikuwapo. Ilikaa katika kidole gumba.

Orkestra zilipokua, kazi ya kidole gumba ilipewa mtu wake. Katika miaka ya 1950 orkestra za Léopoldville zilitumia besi kubwa ya kusimama, ambayo urefu wake hushinda ule wa mpigaji. Ala hiyo ni nzito, haina alama za kuonyesha mahali pa kubana, na sauti yake humezwa na ngoma na tarumbeta. Mwaka 1951 kiwanda cha Fender, huko California nchini Marekani, kilianza kuuza gitaa la besi la umeme lililoitwa Precision, yaani «usahihi». Jina hilo lilitokana na vizuizi vya chuma vilivyowekwa shingoni: mpigaji aliweza kupata noti kamili bila kubahatisha. Ala ya namna hii ndiyo iliyoenea katika orkestra zetu.

2. Kazi ya mpiga besi

Nyuzi nne za besi hufungwa kwa noti mi, la, re na sol, oktava moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida. Uzi mnene kuliko zote hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na ule mwembamba mara 98.

Mpiga besi ana wajibu wa namna mbili. Kwanza, anaonyesha msingi wa kila akodi. Katika sebene za rumba ya Kongo, mfululizo wa do, fa, sol, fa husikika mara nyingi. Mpiga solo anaweza kuzunguka apendavyo, mradi besi inamkumbusha yuko wapi. Pili, anafunga ndoa kati ya ngoma na magitaa. Yeye peke yake ana noti kama mwimbaji na ana pigo kama mpiga ngoma.

Mwanafunzi anayeanza hudhani kwamba besi nzuri ni besi inayojaza kila nafasi. Wazoefu hufanya kinyume. Katika rumba, nafasi tupu ni sehemu ya wimbo: noti mbili au tatu zilizowekwa vizuri, kisha kimya, humfanya mchezaji azungushe kiuno ndani ya kimya hicho. Kwa hiyo mkono wa kuzima uzi una kazi sawa na mkono wa kuupiga. Noti isiyozimwa kwa wakati huingia katika noti inayofuata, na orkestra nzima husikika kama maji yaliyovurugwa.

Kwa orkestra ya ridhaa, ambayo huenda ina saa mbili tu za mazoezi kwa juma, utaratibu ufuatao unafaa. Mpiga besi na mpiga ngoma waanze peke yao, polepole, hadi mguu wa ngoma na noti za besi vishuke pamoja. Kisha aingie mpiga gitaa la akompanyima, halafu solo, na waimbaji mwisho. Wengi hufuata njia iliyo kinyume, yaani wanaanza na sauti na kuomba besi iwafuate. Nyumba haianzwi kwa paa.

3. Kanuni tatu za uzi

Fundi anayetaka kuunda ala ya sauti ya chini ana njia tatu za kushusha sauti ya uzi: kuurefusha, kuulegeza, au kuuongezea uzito. Kila njia ina bei yake.

Uzi ukirefushwa mara mbili, mitetemo hupungua nusu, yaani sauti hushuka oktava moja. Lakini gitaa la kawaida lina uzi wa kama milimita 650. Mara mbili yake ni milimita 1300, na hakuna mkono utakaoweza kuupiga kwa wepesi. Uzi ukilegezwa, mvuto wake lazima upungue hadi robo ili kushuka oktava hiyo hiyo. Uzi wa namna hiyo huyumba, hugonga shingo na hautoi noti iliyo wazi. Ukiongezewa uzito, uzito huo lazima uwe mara nne.

Gitaa la besi huchanganya njia ya kwanza na ya tatu. Urefu wake uliozoeleka ni milimita 864. Urefu huo peke yake, bila kugusa mvuto wala uzito, ungeshusha mi ya gitaa kutoka mitetemo 82 hadi kama 62. Ili kufikia 41, kila sentimita ya uzi lazima iwe nzito zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu uzi wa besi huviringishiwa waya juu ya kiini cha chuma. Kwa nini isitumike fimbo moja nene ya chuma? Kwa sababu fimbo nene ni ngumu kupinda, na kitu kigumu hakitetemi kama uzi. Sauti zake za juu huacha kulingana na ile ya msingi, na noti hulia kama kengele iliyopasuka. Hapo tunaona busara ya mafundi wanaotumia waya wa breki ya baiskeli. Waya huo umesokotwa kwa nyuzi ndogo nyingi: una uzito, lakini unapinda.

4. Kupima shingo

Vizuizi vya shingo haviwekwi kwa macho. Kila kizuizi kinapandisha noti kwa nusutoni, na oktava ina nusutoni 12 zilizo sawa. Kanuni ni hii: gawanya urefu wa uzi kwa 17,817, jibu ni umbali kutoka kizingiti hadi kizuizi cha kwanza. Chukua urefu uliobaki, ugawanye tena kwa namba ile ile, na kuendelea. Kwa uzi wa milimita 864, kizuizi cha kwanza huwa mbali milimita 48,5, cha pili milimita 45,8 baada ya hicho, na cha 12 huangukia katikati kabisa, yaani milimita 432.

Mafundi wa zamani wa Ulaya waligawanya kwa 18, kwa kuwa hesabu hiyo ni rahisi. Kwa urefu wetu, kizuizi cha 12 kingekosa nusu ya uzi kwa milimita 3 hivi, na noti yake ingekuwa chini kidogo. Kosa hilo halikuwaudhi sana, kwa sababu kidole kinapobana uzi huuvuta na kuipandisha noti. Makosa mawili yalipunguzana. Lakini fundi wa leo aliye na kikokotoo hana haja ya kutegemea bahati hiyo.

Jambo jingine ni nguvu. Nyuzi nne za besi huvuta shingo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hadi 80, mchana na usiku. Viwandani huingizwa fimbo ya chuma ndani ya shingo ili ishindane na mvuto huo. Asiye na fimbo hiyo na atumie mti mgumu, shingo nene zaidi, na alegeze nyuzi kidogo baada ya kupiga.

5. Karindula: besi isiyohitaji umeme

Karindula ni jina la ala, la kundi linaloipiga, na la muziki wenyewe. Inajulikana katika Katanga, na ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, jina kalindula lina maana hizo hizo za ala ya sauti ya chini na ya muziki wake. Ala ya Lubumbashi ni kama banjo kubwa sana: pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu na nyuzi nne. Mfuko mtupu wa maziwa ya unga huongezwa ili ukorome pamoja na nyuzi. Mwaka 2011 muziki huu ulifika mbali zaidi, pale kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilipotoa filamu na sauti za makundi ya karindula.

Watu wengine huitazama ala hii kwa huruma, wakiiita gitaa la umaskini. Hukumu hiyo haijali kanuni za sauti. Wimbi la mitetemo 41 lina urefu wa kama mita 8. Kisanduku kidogo hakiwezi kulisukuma hewani. Gitaa la besi la umeme halijitahidi hata kidogo: mwili wake ni ubao usio na uwazi, na kazi yote imeachiwa kinasa mtetemo na kikuza sauti. Kinasa hicho ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, umeme mdogo huzaliwa katika waya. Umeme wa mji ukikatika, besi hiyo haisikiki hatua tano. Karindula imelijibu swali lile lile kwa njia yake: ngozi pana na pipa kubwa.

Mkoromo nao si kasoro. Likembe nyingi huwekewa vipete vya chuma kwa nia hiyo hiyo. Mkoromo huongeza sauti za juu juu ya ile ya msingi, na sikio la mwanadamu lina tabia ya ajabu: likipata sauti hizo za juu zikiwa zimepangika, hujijengea lenyewe noti ya chini hata kama ni hafifu. Mfuko wa maziwa, basi, humsaidia msikilizaji aliye mbali kuitambua besi. Kinshasa nako kuna mfano wa werevu huo: kundi la Konono No. 1, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu, lilikuza sauti za likembe, ikiwemo ya besi, kwa vinasa vilivyoundwa kwa sumaku za magari mabovu.

6. Suala la mbao

Fundi wa Katanga ana miti mizuri karibu naye. Mninga, unaoitwa mulombwa katika Kibemba, hukauka bila kujipinda sana na unafaa kwa shingo na mwili. Ndugu yake, mukula, ulikatwa kwa wingi katika miaka ya 2010 ili kuuzwa ng'ambo, hata mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Ubao wa shingo moja ni kitu kidogo sana mbele ya magogo yaliyoondoka kwa malori. Fundi mwenye busara hutafuta mbao za milango na vitanda vya zamani: hazigharimu mti mpya, na zimekwisha kukauka miaka mingi. Ubao mbichi uliochongwa wakati wa mvua utajipinda ifikapo Julai, na vizuizi vitatokeza kando ya shingo kama mbavu.

7. Istilahi

Tumesema «besi», wala hatukufuata neno la Kifaransa ambalo lingetupa «basi», neno lenye kazi nyingi mno katika Kiswahili: linafunga mazungumzo na linabeba abiria. Kwa sehemu za ala tumechukua maneno ya mwili na ya nyumba: kichwa, shingo, mwili, kizingiti, daraja. Vigingi vya kukazia nyuzi vimetoka kwa mchunga mbuzi na kwa mpiga hema. «Kizuizi» na «kinasa mtetemo» ni mapendekezo tu. Huko karakana, mafundi wana maneno yao, mengine ya Kibemba, mengine ya Kifaransa kilichobadilishwa mavazi. Maneno hayo yanastahili kukusanywa kabla hatujayabadilisha.

8. Tamati

Tumeona kwamba besi si pambo la orkestra bali ni nguzo yake, na kwamba anayeunda karindula na anayeunda gitaa la umeme hutii kanuni zile zile kwa njia tofauti. Hatari iliyopo si uhaba wa vifaa. Kinanda cha umeme leo hutoa sauti ya besi kwa kubonyeza kitufe kimoja, na kijana ana sababu chache za kuketi karibu na fundi mzee. Vipimo vya karindula vimo katika vidole vya wanaoiunda: upana wa pipa, ukazaji wa ngozi, mahali pa daraja. Mwanafunzi wa Kiswahili mwenye daftari na mwanafunzi wa fizikia mwenye futi ya kupimia wakienda pamoja katika karakana moja, wanaweza kuhifadhi kwa juma moja elimu ambayo, fundi akiondoka nayo, hakuna pipa wala ngozi itakayoirudisha.