Kopi ya plani ijaribiwe kama mbegu

Ndugu walimaji, memba wa koperative,

Mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati tulikuwa tunatayarisha sezoni B hapa Luvungi, umeme ulikatika, ukarudi na nguvu, na ordinateri ya koperative moja ikafa palepale. Plani yote ilikuwa ndani yake: mashamba ya mpunga na ya mahindi, siku za kupanda, zamu za maji ya mfereji, na orodha ya waliokopa mbegu katika sezoni A.

Sekretere akaniambia: "Agronomu, usiogope, iko kopi kwenye flashi."

Tukaazima ordinateri ingine. Kwenye flashi tulikuta fishie mbili. Ya kwanza ilikataa kufunguka. Ya pili ilifunguka, lakini iliishia tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili. Kwa plani hiyo, mama mmoja alikuwa angali na deni la kilo 20 za mahindi. Kumbe alikuwa amekwisha kurudisha, tena mbele ya watu. Akasimama katika mkutano, akauliza: "Mashini ikisahau, mimi nilipe mara mbili?"

Kaye ya depo ndiyo ilimwokoa: jina, kilo, tarehe na sahihi, vyote vilikuwemo. Kosa lilikuwa langu pia. Niliwafundisha kuweka kopi, lakini kuirudisha sikuwafundisha.

Programu kama GanttProject, ambayo ni ya bure na inatumika hata bila intaneti, inaweka plani nzima ndani ya fishie moja inayoishia na .gan. Kwa hiyo, ukiwa na kopi nzuri ya fishie hiyo, uko na plani yote mpaka siku ile kopi ilifanywa. Yaliyofuata hayamo.

Siku ya kurudisha, fanyeni hivi:

1. Msifanyie kazi juu ya kopi iliyo kwenye flashi. Ikopisheni kwanza ndani ya ordinateri, kisha toeni flashi na kuiweka pembeni. Mkikosea, ile ingine ingali salama.

2. Fungueni programu, halafu mtafute fishie kupitia humo.

3. Angalieni kazi ya mwisho iliyoandikwa na tarehe yake. Toka hapo, shikeni kaye: mtu mmoja asome, mwingine aandike.

4. Wekeni plani iliyokamilika kwa jina jipya lenye tarehe, ili kesho mtu asiulize ipi ni ya mwisho.

Ili msifike huko na mikono mitupu, fanyeni kopi kila juma kwenye flashi mbili. Moja ibaki ofisini, ingine ilale kwa prezidenti. Na msiichomoe flashi wakati ordinateri ingali inaandika, juu fishie inaweza kuharibika.

Zaidi ya yote, mara moja kwa mwezi fungueni kopi kwenye ordinateri ingine. Kabla ya kupanda, tunachukua punje 100, tunazifunga katika kitambaa chenye maji, tunahesabu zilizoota. Hakuna mlimaji anayengoja shamba limwambie kama mbegu ilikuwa imekufa. Kopi nayo ni vilevile.

Katika mkutano unaokuja, ulizeni komite yenu swali moja tu: kopi ya plani yetu mliifungua lini mara ya mwisho?