Kimea na Mtungi: Kemia ya Pombe ya Mtama Mkoani Singida

Mtu asafiriye kutoka mjini Singida kwenda Mwankoko baada ya mavuno aweza kukuta, katika ua wa nyumba, magunia yaliyotandazwa juani, na juu yake mtama wenye vimizizi vyeupe vilivyosinyaa. Mgeni hudhani kwamba nafaka hiyo imenyeshewa ikaharibika. Sivyo. Hicho ni kimea, na ndani ya punje zake imekwisha fanyika kazi ya kikemia ambayo wataalamu wa Ulaya walianza kuifafanua mwaka 1833 tu, pale Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walipoitenga kutoka katika kimea cha shayiri dutu yenye uwezo wa kuvunja wanga kuwa sukari. Wapikaji wa pombe, ambao aghalabu ni wanawake, walikuwa wakiitumia dutu hiyo tangu zamani bila kuipa jina.

Katika shule zetu za sekondari, somo la uchachukaji hufundishwa kwa mfano wa mkate wa ngano na bia ya shayiri, vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa Singida haoni vikilimwa kwao. Mfano ulio karibu naye zaidi, na ulio mgumu zaidi kikemia, umo katika mtungi wa jirani yake.

Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu, ambao wao wenyewe hujiita Warimi. Ni uwanda wa juu, wenye mwinuko wa mita 1500 hivi, na mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika hali hiyo mtama na uwele hustahimili kuliko mahindi. Mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Marekani, Harold Schneider, aliyechapisha mwaka 1970 kitabu juu ya uchumi wa Wanyaturu, alionyesha jinsi nafaka, mifugo na kazi ya mikono vilivyofungamana katika maisha yao: samadi ya ng'ombe huzaa nafaka, na nafaka ya ziada hugeuzwa kuwa mali nyingine. Pombe ilikuwa mojawapo ya njia za mgeuzo huo. Mwenye shamba kubwa alipika pombe, majirani wakaja kumlimia, na jua lilipopungua wakaketi kunywa.

Punje ya mtama ni ghala la wanga, na wanga ni minyororo mirefu ya sukari iliyofungwa pamoja. Hamira haiwezi kuila minyororo hiyo. Kiini cha mbegu nacho hakiwezi kuila mpaka kiivunje, na kwa hiyo mbegu inapolowana huanza kutengeneza vimeng'enya vya kuvunjia wanga ili mche upate chakula. Hapo ndipo mpikaji anapoingilia kati. Huloweka mtama kwa muda wa siku moja, huufunika mahali penye unyevu kwa siku tatu au nne hadi uote, kisha huuanika juani. Mche hufa, lakini vimeng'enya hubaki. Kwa lugha nyingine, mpikaji huisubiri mbegu ifungue ghala lake, kisha humnyang'anya ufunguo.

Ni vema kutaja hapa jambo ambalo wafugaji wanalijua kwa uchungu. Ng'ombe akila mtama mchanga, hasa ule uliodumazwa na ukame, aweza kufa kwa muda mfupi. Sababu yake ni kwamba vichipukizi vya mtama vina dutu iitwayo dhurini, ambayo hutoa sumu ya sianidi inapovunjika. Kimea cha mtama nacho kina vichipukizi. Ndiyo maana kusugua kimea kilichokauka na kupepeta mizizi na machipukizi yake si suala la usafi tu. Kuchemsha nako husaidia, kwa kuwa asidi hiyo ya sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Sentigredi na kutoroka pamoja na mvuke.

Fumbo la joto

Sehemu inayostahili kustaajabiwa kuliko zote ni ya uji. Mtengenezaji wa bia ya shayiri huchanganya kimea kilichosagwa na maji ya moto, akayaacha katika nyuzi 65 hivi, na kwa muda wa saa moja au mbili wanga wote umegeuka sukari. Mtu akifanya vivyo hivyo kwa mtama, atapata maji ya unga. Wanga wa mtama haulainiki mpaka joto lifike baina ya nyuzi 68 na 75, na wanga usiolainika haushikiki vizuri na vimeng'enya. Lakini katika joto hilo kimojawapo cha vimeng'enya viwili vikuu, kile kinachokata sukari ya kimea kutoka ncha za minyororo, kinakufa. Zaidi ya hayo, kimea cha mtama kina kiasi kidogo cha kimeng'enya hicho kikilinganishwa na shayiri. Joto linalofungua wanga ndilo linaloua mfanyakazi.

Mpikaji hulifumbua fumbo hili kwa kutenganisha kazi mbili. Kwanza hupika uji wa unga wa kawaida hadi uchemke. Katika mwinuko wa Singida maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama pwani, lakini hizo zatosha kabisa kulainisha wanga. Kisha huuacha uji upoe, ndipo atie kimea. Uji mzito huwa mwepesi mbele ya macho, na ladha yake hugeuka tamu. Wapikaji wengi huchemsha tena mchanganyiko huo siku inayofuata na kutia kimea kwa mara ya pili, maana kile cha kwanza kimekwisha uawa na moto. Kinywaji cha hatua hii ya utamu, kabla hakijawa kileo, ni ndugu wa togwa wanayopewa watoto.

Rangi ya mtama nayo ina maana yake. Mtama mwekundu au wa kahawia mara nyingi una tanini nyingi, dutu chungu inayowachukiza kweleakwelea, na kwa sababu hiyo mkulima huupenda. Tanini hiyo hiyo huvishika vimeng'enya na kuvilemaza. Huko Kigezi, Uganda, wapikaji huloweka mtama wa aina hiyo pamoja na majivu ya kuni kabla ya kuuotesha. Magadi yaliyomo katika majivu huidhoofisha tanini.

Uchachu kabla ya kileo

Wakati uji unapopoa, viumbe wa kwanza kuufikia kwa nguvu ni bakteria wa asidi ya laktiki, wale wale wanaogandisha maziwa. Hao hugeuza sehemu ya sukari kuwa asidi, na kipimo cha pH hushuka hadi kukaribia 4 au chini yake. Bakteria wengi waletao magonjwa ya tumbo hupata shida kuishi katika uchachu wa namna hiyo. Chachu hiyo ndiyo mlinzi wa mtungi, na ndiyo tofauti kubwa baina ya pombe ya mtama na bia ya chupa, ambayo kwa mtengenezaji wake uchachu ni kasoro.

Baada ya bakteria huja hamira. Mpikaji huitia kwa njia ya kimea kipya, au machicha ya pombe iliyotangulia, au mtungi wenyewe usiosuguliwa sana kwa ndani. Hamira humeng'enya sukari kwa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuisawazisha:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Kwa hesabu ya uzito, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za dioksidi ya kaboni. Basi lita moja yenye gramu 100 za sukari, ikichachuka yote, itatoa gramu 51 za alkoholi, yaani mililita 65 hivi, ambazo ni asilimia 6.5 ya ujazo. Katika mtungi sukari yote haiishi, na wanga mwingine haukuvunjwa, hivyo pombe ya mtama kwa kawaida huwa na nguvu ya asilimia 3 hadi 5. Haichujwi kabisa wala haisimamishwi: hamira na bakteria humo wangali hai wakati mnywaji anapoinua kata. Kwa sababu hiyo ni chakula kwa kiasi fulani, chenye vitamini za kundi la B, na kwa sababu hiyo pia haidumu. Siku ya tatu bakteria wa siki wameikamata, na yaliyosalia hupewa mifugo.

Mtu mzima atakaye kulinganisha pombe za nchi hii atafanya vema kuanzia kwenye mtama au uwele siku ile ile ilipoiva, ikingali na povu na uchachu wa wastani. Baada ya hiyo, kinywaji kinachoipa Singida sifa ni wanzuki, pombe ya asali. Asali ina sukari asilimia 80 hivi na maji kidogo sana. Hamira ikitumbukia humo hunyonywa maji yake na kulala, ndiyo maana asali haiozi. Ikichanganywa na maji, huamka. Kangara huongeza pumba za mahindi katika asali au sukari. Kwa jirani zetu Wakikuyu, muratina huchachushwa kwa kutumia tunda lililokaushwa la mti uitwao mwegea, ambalo nyuzi zake hubeba hamira kutoka pishi moja hadi jingine, na hivyo tunda hufanya kazi ya maktaba ya viumbe. Mbege ya Kilimanjaro hutumia ndizi kwa sukari na ulezi kwa kimea. Ulanzi wa Iringa hauhitaji kimea hata kidogo, kwa kuwa mwanzi hutoa utomvu uliokwisha kuwa mtamu.

Pale mtungi unapoua

Tarehe 9 Januari 1950 na kitu zingekuwa hadithi za kale. Lakini tarehe 9 Januari 2015 si mbali. Siku hiyo huko Chitima, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, waombolezaji waliotoka mazishini walikunywa pombe ya kienyeji, na watu 75 wakafa. Uvumi wa kwanza ulikuwa ule ule unaosikika hata kwetu: nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulitoa jawabu jingine. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na mafuriko, na ndani yake walimea bakteria waitwao Burkholderia gladioli, ambao hutengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo huzuia seli zisipate nishati, wala haiharibiwi kwa kuchemshwa. Hakukuwa na mchawi wala mamba. Kulikuwa na unga mbichi uliolowa.

Habari hii yapasa kufikiriwa sana katika mikoa ya kati, kwa kuwa ipo desturi ya kusema kwamba nafaka isiyofaa kwa ugali yafaa kwa pombe. Mwaka 2016 sumu kuvu, inayotokana na ukungu wa mahindi yasiyokaushwa vema, iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu kuvu nayo hustahimili moto wa jikoni, na uchachu wa mtungi haumwondolei mpikaji wajibu wa kuchagua nafaka. Moto huua kiumbe. Sumu aliyokwisha kuitoa hubaki.

Chombo nacho kina neno. Asidi ya laktiki huyeyusha madini. Katika Afrika ya Kusini wanywaji wengi wa pombe iliyopikwa katika vyombo vya chuma waligunduliwa kuwa na chuma nyingi mno katika maini yao, ugonjwa ulioelezwa na matabibu tangu mwaka 1929. Mapipa ya bati yenye zinki ni mabaya zaidi, na pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu halisafishiki kwa majani na mchanga. Mtungi wa udongo ulikuwa salama kuliko watu walioudharau walivyodhani. Maji pia: Singida ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika baadhi ya visima, ambapo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuipunguzi bali huikoleza. Visima virefu vya Mwankoko na Irao ndivyo vinavyolisha mji wa Singida. Kupima kila kisima kipya ni kazi ya maabara, si ya ulimi.

Gongo ni jambo la mbali na haya, na hukatazwa na sheria. Hata hivyo yafaa kusahihisha kosa moja linalorudiwa darasani. Nafaka inapochachuka hutoa methanoli kidogo mno. Maafa kama yale ya Kenya mwaka 2000, yaliyoua zaidi ya watu 100, yalitokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa ndani ya kinywaji na mfanya biashara.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha kiini cha somo hili bila tone la kileo. Apike uji mwepesi wa mtama, aupoze hadi nyuzi 55 hivi, na augawe katika mirija mitatu. Katika mrija wa kwanza atie maji. Wa pili, maji yaliyolowekwa kimea kilichosagwa. Wa tatu, maji hayo hayo ya kimea baada ya kuchemshwa kwa dakika tano. Mirija ikae katika maji ya vuguvugu. Kila baada ya dakika tano achukue tone kutoka kila mrija na kulichanganya na tone la iodini juu ya kigae cheupe. Tone la kwanza na la tatu litaendelea kuwa na rangi ya buluu iliyoiva, karibu nyeusi. La pili litapitia zambarau na wekundu wa kahawia, kisha lisalie na rangi ya iodini yenyewe. Kisha darasa lirudie kwa unga mbichi wa mtama uliokorogwa katika maji badala ya uji, na wanafunzi waeleze kwa nini mrija wa pili safari hii unachelewa mno kubadilika.