UZI: Muhogo wa GMO na RNA ya nyuzi mbili, kabla hamjaanza kurushiana maneno

Kila mjadala wa GMO ukianza hapa, upande mmoja unapiga kelele "sumu", mwingine "sayansi", na hakuna anayeuliza ni GMO gani. Mahindi ya Bt na muhogo sio kitu kimoja. Leo ni muhogo, ule mnakula na pilipili na ndimu pale steji ya Donholm.

Marufuku ya 2012 ililenga hasa chakula cha kuagizwa kutoka nje. Baraza la Mawaziri liliiondoa tarehe 3 Oktoba 2022. Lakini Juni 2021, marufuku ikiwa bado ipo, mamlaka ya usalama wa kibayolojia ilikuwa tayari imeidhinisha muhogo wa KALRO na wenzao wa Uganda na Marekani. Idhini yenyewe ilifungua njia ya majaribio ya kitaifa mashambani. Sio ya kuuza Wakulima Market kesho yake.

Mbona muhogo? Kuna ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliandikwa mara ya kwanza Tanganyika miaka ya 1930. Unaletwa na virusi, wanasambazwa na nzi weupe na pia na vipando ambavyo wakulima hupeana. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kukaa poa tu. Mkulima anangoja karibu mwaka, anang'oa, anakata, ndani kumeoza na kukauka kama kizibo cha chupa. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoua hao virusi.

Sasa RNA. Fikiria kibanda cha chakula Kayole. Menyu imeandikwa ukutani: hizo ndizo jeni. Weita anaandika oda kwa kikaratasi, anapeleka jikoni: hicho kikaratasi ni RNA. Mpishi akikisoma, anapika protini. Kunyamazisha jeni sio kufuta menyu ukutani. Ni kurarua kikaratasi kabla kifike jikoni.

Nani anararua? Seli yenyewe. RNA ya oda huwa uzi mmoja. Ikitokea yenye nyuzi mbili, seli inashtuka, kwa sababu virusi wengi wakizaliana ndio huacha RNA ya aina hiyo. Kimeng'enya kiitwacho Dicer kinaikata vipande vidogo vya herufi 21 hivi. Protini nyingine inabaki na uzi mmoja wa kile kipande na kuutumia kama picha ya mshukiwa: RNA yoyote inayolingana nayo inakatwa.

Watafiti wa maua walikutana na hii maajabu 1990 bila kuielewa. Waliongeza jeni ya rangi ili petunia iwe zambarau zaidi, mengine yakatoka meupe kabisa. Mwaka wa 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwa minyoo wa milimita moja kwamba nyuzi mbili ndizo zinazofanya kazi. Uzi mmoja peke yake haukufanya mengi. Wakapata Nobel 2006.

Kwa muhogo, watafiti waliingiza kipande cha jeni ya ganda la virusi, kikapangwa ili RNA yake ijikunje na kuwa nyuzi mbili. Yaani mmea unapewa picha ya mshukiwa kabla hajafika. Na kwa kuwa virusi hawa wenyewe wamebeba jeni zao kama RNA, wakiingia wanakatwakatwa.

"Itabadilisha jeni zetu!" Hapana. Kila ugali na sukuma unayokula imejaa RNA, na tumbo huisaga. Muhogo mgonjwa, ambao watu wamekula miaka yote, una RNA ya virusi hao hao.

Lakini pia tusidanganyane kwamba kila anayeuliza ni mjinga. Virusi hubadilika, picha ikipitwa na wakati, nani atatengeneza mpya? Hicho kipande kinaweza kulingana na jeni ya muhogo wenyewe? Hiyo hupimwa, na data iwekwe wazi. Mradi unasema mkulima hatalipia teknolojia, sawa. Ila muhogo haupandwi kwa mbegu, unapandwa kwa vijiti, na jirani humpa jirani. Nani atahakikisha vijiti safi vinafika Busia na Kilifi, na mkulima atajuaje alichopewa ni kipi? Hilo sijasikia mgombea yeyote akiulizwa.