Sura ya Nne: Hasira na Daftari

Januari 1958 wajumbe wa chama cha TANU walifika Tabora kwenye mkutano wao mkuu wakiwa wamefura, na sababu walikuwa nayo. Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imeandaa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, na masharti yake yalikuwa tusi lililoandikwa kwa lugha ya kisheria. Kila mpiga kura angechagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Akimruka hata mmoja, kura yake imeharibika. Na kabla ya kulifikia sanduku, ilimpasa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la nane, au awe na wadhifa unaotambuliwa. Hayo yote katika nchi ambayo Waafrika walikuwa kama asilimia 98 ya watu.

Wengi ukumbini walitaka kususia. Hoja yao ilikuwa nzito: ukicheza kwa sheria za anayekudharau, umekubali dharau. Julius Nyerere mwenyewe alikuwa amejiuzulu kiti chake katika Baraza hilohilo mwezi uliotangulia. Lakini Tabora alisimama kuwaomba wenzake waingie kwenye uchaguzi, na baada ya mabishano makali hoja yake ikapita. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaunda chama chake, African National Congress. Historia imeuita uamuzi ule Uamuzi wa Busara. Nadhani wapo walioondoka Tabora siku ile wakiupa jina jingine.

Sura hii inahusu kilichofuata baada ya mabishano, sehemu ambayo vitabu vya shule huipita haraka. Kura tatu ziliwekwa ili kumpunguzia nguvu Mwafrika. Lakini zisome tena kwa jicho la mtu mwenye daftari mkononi. Ikiwa kila mpiga kura lazima amchague Mwasia na Mzungu pia, basi penye wapiga kura wengi Waafrika, wao ndio watakaoamua ni Mwasia gani na ni Mzungu gani aingie Barazani. Sharti la kuwabana likageuka mpini wa kisu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwatafuta waliotimiza masharti, mmoja mmoja, na kuwashawishi wajiandikishe: mwalimu wa shule ya misheni, karani wa boma, mkulima wa kahawa mwenye hesabu za ushirika. Wengi wao walikuwa watu wenye cha kupoteza. Karani anayelipwa na serikali hajiandikishi kwa furaha katika jambo linaloiudhi serikali, na katika wilaya kadhaa TANU ilikuwa imenyimwa hata usajili wa matawi.

Agosti mwaka huohuo Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la chama na kutozwa faini ya pauni 150, kiasi kilekile kilichomfanya mtu astahili kupiga kura. Kama ningekuwa mtunga riwaya nisingethubutu kubuni sadfa hiyo. Faini ikalipwa. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakafagia viti, wakiwemo Wazungu kama Derek Bryceson na Waasia kama Sophia Mustafa. Chama cha UTP, kilichoungwa mkono na Gavana, kiliishia hapo. Katika uchaguzi uliofuata, Agosti 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71.

Swali la kujiuliza ni hili: watu wa kubisha hodi kwenye milango yote hiyo walitoka wapi? Hasira peke yake haina miguu. Jibu lilianza miaka mitatu kabla, na lilianza kwenye ngoma.

Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Dar es Salaam na kuuliza wanawake wa TANU wako wapi. Swali likaaibisha. Kazi ya kuwatafuta ikamwangukia Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mjini mwenye elimu ndogo ya darasani, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Katika miezi michache aliandikisha wanawake wapatao 5,000, wengi kuliko wanaume waliosoma walivyokuwa wamefikiria kuwa inawezekana.

Hakupita akimshika kila mwanamke mkono sokoni. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya lelemama na ngoma nyingine. Fikiria kikundi cha namna hiyo kilikuwa na nini. Kilikuwa na mwenyekiti ambaye neno lake linasikika. Kilikuwa na sare, siku ya kukutana, na mfuko wa kuchangiana harusi na misiba. Wanachama wake wengi walikuwa na kipato chao wenyewe, cha kupika pombe au kuuza vitafunwa, kwa hiyo hawakuhitaji kumwomba mume senti za kadi. Na walitoka makabila mbalimbali, maana mji ulikuwa umewachanganya. Ukimpata kiongozi mmoja umepata watu mia, pamoja na utaratibu wa kuwaita kesho saa kumi alasiri. Wasomi wa siasa hutumia maneno marefu kueleza jambo hili. Bibi Titi alilijua kwa sababu alikuwa ameimba humo.

Leo vikundi hivyo vipo, vimebadili majina tu: chama cha akina mama cha kuzungushiana pesa, kijiwe cha bodaboda, kwaya, timu ya mtaa, kundi la WhatsApp lililoundwa kwa ajili ya msiba likakataa kufa baada ya arobaini. Mwanaharakati mgeni huanza kwa kuunda kikundi kipya na kukitafutia nembo. Mzoefu huuliza kwanza nani tayari anakutana, wapi, na nani anaweka daftari la michango.

Sasa tuvuke mpaka na miaka. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, na siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia ndani ya Bunge, huku wenzao wakipigwa risasi nje. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza hatautia saini. Julai 11 akavunja karibu baraza lote la mawaziri. Waliouawa katika wiki zile walihesabiwa kwa makumi. Vijana walijinadi kuwa hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na hilo la tatu lilikuwa ngao nzuri: Ikulu haikupata wa kumwita, kumnywesha chai na kumpoza.

Lakini ngao hiyo ina uzito wake. Kundi lisilo na kiongozi halina pia mweka daftari. Picha ya angani ya barabara iliyojaa haikwambii ni wangapi kati ya wale wamejiandikisha, ni wa wadi gani, na watakuwa wapi siku ya Jumanne fulani miaka mitatu baadaye. Katika uchaguzi wa 2022 vijana walikuwa takriban asilimia 40 ya daftari la wapiga kura, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017, ingawa nchi ilikuwa imeongeza watu.

Hapa nataka msomaji achukue kalamu. Mwaka 2022 Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya, utapata kura tano kwa kituo. Tano! Watu wanaotosha kwenye gari dogo, au kwenye meza moja ya kibandani wakila chapati na maharagwe. Na kituo kimoja cha Kenya hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo mtu wa mtaani akikaa na orodha anaweza kuwajua wengi wao kwa sura. Zaidi ya watu milioni 7 waliojiandikisha hawakupiga kura kabisa mwaka huo. Mwenye hasira anapoambiwa kuwa mfumo ni mkubwa mno, aambiwe pia hesabu hii.

Ugumu wa kweli uko kwenye kalenda. Hasira ina kalenda yake na uchaguzi una yake, na hazipatani. Ghadhabu ya Juni 2024 ilikuwa na miaka mitatu ya kusubiri hadi Agosti 2027. Isitoshe, tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila mwenyekiti wala makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa. Katika kipindi hicho hata chaguzi ndogo zilikwama. Mwenye jazba alikuwa na pa kuandamana lakini hakuwa na pa kupigia kura. Ndiyo maana naona chaguzi ndogo za Novemba 27, 2025 zilikuwa na thamani kubwa kuliko ile ambayo wengi walizipa. Kiti cha mwakilishi wadi huonekana kidogo mbele ya mtu anayetaka kuiangusha serikali, lakini wadi ni 1,450 nchi nzima, kila moja ina wastani wa wapiga kura 15,000, na ni mahali ambapo kikundi cha watu thelathini kinaweza kujifunza kuandaa orodha, kugawana mitaa, na kushindwa bila kuvunjika moyo.

Nigeria imeonyesha upande wa pili. Oktoba 2020 vijana walisimama dhidi ya kikosi cha polisi cha SARS, na hasira ile ikafika kweli kwenye uandikishaji: daftari la 2023 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 93, na zaidi ya milioni 87 walichukua kadi zao. Siku ya kura ilipofika, waliojitokeza hawakuzidi milioni 25 na ushei. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia uhaba wa noti na mafuta hadi vurugu na vituo kuchelewa kufunguliwa, na si haki kuwatupia vijana lawama yote. Ila kadi mfukoni na kura kwenye sanduku ni vitu viwili, na kati yake kuna asubuhi moja ndefu ambayo mtu anahitaji kusindikizwa.

Kumsindikiza vipi? Mwaka 1998, mjini New Haven huko Marekani, Alan Gerber na Donald Green waligawa wapiga kura wapatao 30,000 kwa bahati nasibu: wengine walitembelewa nyumbani, wengine walitumiwa barua, wengine walipigiwa simu, wengine waliachwa. Barua zilisaidia kidogo sana. Simu za watu wa kulipwa hazikusaidia. Kubisha hodi na kuzungumza ana kwa ana kuliongeza ushiriki wa waliofikiwa kwa takriban pointi tisa za asilimia. Miaka kumi baadaye, huko Pennsylvania, watafiti wengine walijaribu maswali matatu tu: utaenda kupiga kura saa ngapi, utakuwa unatokea wapi, na utakuwa umetoka kufanya nini? Hapana hotuba wala jina la mgombea. Walioulizwa, hasa wale ambao nyumbani kwao hapakuwa na mpiga kura mwingine, walijitokeza zaidi, kwa sababu sasa kura ilikuwa imepata nafasi kati ya kumpeleka mtoto shule na kufungua duka.

Ya Marekani tusiyabebe mzima mzima. Jaribio la karibu zaidi na sisi lilifanyika Kenya kwenye uchaguzi wa 2013, ambapo karibu wapiga kura milioni 2 walitumiwa ujumbe mfupi wa simu na tume kuwahimiza. Kujitokeza kuliongezeka kidogo. Lakini mitambo ya kielektroniki ilipokwama siku ya uchaguzi, waliokuwa wamepokea ujumbe walipoteza imani na tume kuliko wasiopokea. Walikuwa wamealikwa kwenye shughuli, wakakuta mwenyeji hajapika. Anayewatoa watu majumbani kwao anachukua dhamana ya watakachokikuta, na ahadi ya simu haina uso wa kurudi kuomba radhi. Jirani anao.

Kwa hiyo mratibu mzuri hazimi hasira wala haichochei. Anaipa kazi yenye ukubwa wa mtu mmoja na wiki moja. Badala ya kumwambia kijana "tuikomboe nchi", humpa majina kumi ya mtaa wake na kumtaka arudi Jumamosi aseme nani amejiandikisha, nani hana kitambulisho, nani amehama. Ijumaa kijana yule atakuwa bado na majina manne hajayagusa, na atajitetea kuwa alikuwa mtandaoni akipambana. Apewe matano mengine na mwenzake wa kutembea naye. Wawili hawaogopi mbwa wa geti kama mmoja, na mmoja akichoka, mwingine huona aibu kuacha.

Halafu kuna kazi ya mwisho kabisa, ambayo haina picha nzuri ya kupiga. Vituo vya Kenya hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo huanza kuhesabu. Wakala wa mgombea amekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu tangu alfajiri. Saa nne usiku msimamizi wa kituo anaijaza Fomu 34A ya matokeo ya kura za urais, ile inayobandikwa mlangoni na ambayo mwaka 2022 tume iliiweka wazi mtandaoni kwa kila mwenye intaneti kujumlisha mwenyewe. Wakala anatakiwa aisome kila tarakimu, asaini na aipige picha. Mara nyingi mtu huyu hajala tangu asubuhi, simu yake imebaki na chaji kidogo, na hajui atarudije nyumbani. Wale vijana thelathini wa wadi, kama wamefika hadi hapa, wanapaswa kuwa wamekwisha kupanga nani anampelekea ugali, nani ana chaja, na nani ana pikipiki nje.