Kesi Ikifutwa kwa Maridhiano

Wajukuu, mkisikia kesi ya mwanafunzi dhidi ya chuo kikuu imefutwa, msiharakishe kusema kijana kashindwa. Ulizeni kwanza imefutwa kwa nini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa Buswahili, huku kwetu Butiama, anasoma chuo cha umma. Chuo kinazuia matokeo yake, naye anaamini kaonewa. Sheria inamtaka atoe kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye shauri. Siku zikiisha bila jibu, anafungua shauri Mahakama Kuu, Musoma.

Kabla mashahidi hawajaitwa, pande zote zinapelekwa kwenye usuluhishi. Katiba yenyewe, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama ziukuze. Wanakaa, wanabishana, mwishowe wanaandika hati: matokeo yatoke ndani ya siku 14, kila upande ubebe gharama zake. Wanasaini.

Hapo njia ni mbili, na ndipo vijana huponzwa. Hati ikisajiliwa mahakamani chini ya Amri ya 23 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, inakuwa tuzo, yaani amri ya mahakama. Chuo kikikaidi, binti anarudi kuomba utekelezaji. Lakini akiliondoa tu shauri, bila ruhusa ya kulifungua upya, hawezi tena kushtaki kwa dai lile lile. Anabaki na ahadi.

Mzee wetu wa hapa Butiama, Mwalimu Nyerere, naye aliwahi kugombana na wanafunzi. Tarehe 22 Oktoba 1966, wasomi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana na majoho yao hadi Ikulu, wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kunung'unikia mishahara ya wakubwa. Mwalimu alighadhibika. Alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Mwaka uliofuata wengi walirudishwa, kwa msamaha wake. Nampenda Mwalimu, ila nasema wazi: msamaha hutegemea moyo wa mwenye kusamehe, na akikataa huna pa kumdai. Tuzo humbana hata asiyetaka.

Basi ukiletewa hati ya maridhiano, isome hadi mstari wa mwisho. Kabla hujasaini, muulize wakili wako: hii inasajiliwa kuwa tuzo, au naondoa kesi mikono mitupu?